Mtoto wa Mgeni Kwanza

Mjukuu wangu Rahma,

Assalaam alaykum. Hujambo huko Kigoma? Kazi ya unesi umeizoea? Sisi hapa Malindi wazima, alhamdulillah. Babu yako kikohozi kimempungua, keshaanza tena kubishana na muuza kahawa.

Umeniuliza kama mtu asiye na cheo anaweza kuzuia mtoto wa mkimbizi asirudishwe bila chanjo.

Siku moja, zamani, nilimpeleka mjomba wako Saidi, hajatembea bado, kliniki kuchanjwa surua. Ugonjwa ulishaingia mtaani. Mbele yangu alikuwa Mama Neema, jirani aliyekimbia vita Burundi. Nesi akamwambia, "Chanjo hizi za watoto wa mtaa huu. Wako si wa hapa."

Mama Neema akainuka, mtoto mgongoni. Bi Zuwena, jirani yetu mwenye ulimi, akamshika kanga.

"Unakwenda wapi, mwanakwetu? Tangu lini mgeni akapakuliwa mwisho? Nesi, huyu kwanza. Wetu watangoja."

Nesi akaita jina la Saidi. Nikamkumbatia mwanangu, sikuitika. Akaita mwengine, kimya. Kina mama wote tumekaa. Mwishowe akacheka mwenyewe: "Haya, mleteni mgeni wenu!"

Neema alipolia kwa sindano, tulipiga vigelegele hadi wauza samaki wakauliza nani kaolewa.

Cheo hatukuwa nacho, mjukuu wangu. Tulikuwa na zamu zetu tu, na Mungu akazitia baraka.

Nijibu upesi, uniambie mtoto gani huko hajachanjwa bado, nimuombee kwa jina lake.

Bibi yako,
Mwanaisha