Nilijifanya Wewe kwa Simu ya Mezani

Mama,

Kabla hujaambiwa na hao ulio nao huko, wacha nikuambie mwenyewe. Nimejifanya wewe. Nimeongea kwa sauti yako, nimekohoa kikohozi chako, nimemwita mtu "kairitu gakwa," kasichana kangu, vile ulivyokuwa ukimwita. Na aliyeniingiza kwa hayo yote ni ile simu yako.

Ndiyo, ile. Simu ya mezani, ya waya, iliyovishwa kitambaa ulichofuma kana kwamba nayo ilikuwa inasikia baridi ya Othaya. Tuliicheka, Mama, tukaicheka tukachoka. Mimi nauza simu za mkononi Majengo, nusu ya mji wa Nyeri imenunua kava kwangu, halafu mamangu mzazi ananiambia simu ya mkononi ni "kitu ya kupotea." Niliyokununulia uliizima ukaiweka kwa kabati ya vikombe, ati isichoke. Ya waya ndiyo ulilipia mwezi baada ya mwezi, na kama si zile nguzo zinazoelekea kiwanda cha majani chai kupita shambani kwetu, wangekuwa wamekukatia kitambo. Na nani alikuwa anapiga? Watu wa kukosea namba tu, wanaouliza kama majani yamepimwa.

Lakini unajua Wangui alikuwa amenyamaza. Unajua kuliko mtu yeyote. Yule binti yangu nilimpa jina lako, ndiyo maana mimi namwita Mami na yeye ananiita Mami, hadi wageni wanashindwa ni nani alimzaa nani. Alipoenda Ghuba kufanya kazi za nyumba alikuwa ananipigia kila Jumapili. Kisha kimya. Namtumia ujumbe, tiki moja. Namtumia picha ya ng'ombe amezaa, tiki moja. Ndugu yangu Ndirangu akasema nahangaika bure, msichana amepata mchumba tajiri. Mimi nikasema ameringa, amesahau alikotoka. Wewe ulikuwa unapembua mbegu za maharagwe, hata hukuinua kichwa.

"Amenyang'anywa simu," ukasema. "Na namba yako haijui."

Nilikasirika, Mama. Mtoto asijue namba ya mamake? Ndipo ukaniambia, mbele ya watu, nikutajie namba ya Wangui bila kuangalia. Nikashindwa. Ukaniuliza ya Ndirangu, ndugu yangu wa damu. Nikashindwa. Hata yangu niliitaja nikijikwaa, kwa vile nimebadilisha laini mara nyingi, biashara ndiyo hiyo. Ukagonga simu yako na kidole. "Na hii?" Nikaitaja yote kwa pumzi moja. Nani asiyeijua? Kwa jikoni yako hakuna mtoto aliwahi kupewa chai kabla ya kuiimba hiyo namba, sisi kwanza, halafu wajukuu. Wangui aliijua kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Kifua kilipokubana nilikuja na gari kukuchukua, ukae kwangu Nyeri karibu na daktari. Ukakataa. Ulisema, "Sasa nani atashika simu?" Ndirangu alicheka hadi akatoka nje. Hata mimi nilicheka. Mama, hukuwa unatania! Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria kwamba hukuwa unatania!

Tulikuzika Wangui hayupo. Nitakuambia ukweli, nilipokuwa narusha udongo nilikuwa na hasira naye kuliko huzuni. Nilijiambia, hata Cucu wake, nyanya yake wa damu, hata huyu aliyempa jina, ameshindwa kumpigia simu ya kumuaga.

Basi Alhamisi Ndirangu akaja kutoka Kenol na pikapu. Tulikuwa tumeshakubaliana: vitu vigawanywe, nyumba ipewe mwalimu mmoja apange, simu ikatwe. Godoro lako lilikuwa tayari kwa gari. Mimi nilikuwa nafunga vikombe vyako na magazeti. Ndirangu akainama nyuma ya meza aanze kung'oa waya, na ile simu ikalia.

Woi, Mama. Ndirangu aliruka kama aliyeumwa na siafu. Ilikuwa ni kulia kwa siku zile zetu, kwa kujaza nyumba yote mpaka jikoni. Nikajua ni wale wa majani chai. Nikashika nikitaka kuwaambia waachane na sisi, kuna matanga.

Nikasikia upepo, upepo tu, halafu sauti ndogo. "Cucu, usikate."

Nilikalia magazeti na vikombe vikavunjika viwili, utanisamehe.

"Cucu, ni Wangui. Usiite Mami. Usimwambie, atasema alinionya nisije huku. Hii simu ni ya mtu. Nilijiambia nikipiga hii namba na wewe usishike, basi yamekwisha."

Nilikuwa nimefungua mdomo kusema ni mimi, mamako. Nilikuwa nimeufungua kabisa. Lakini hiyo "yamekwisha" ilinizuia, kwa sababu namjua, si mtoto wa maneno makubwa. Ningemwambia nini? Kwamba Cucu hakushika, Cucu yuko chini ya udongo, na hapa kuna huyu aliyekuonya? Basi nikakohoa. Sijui nani aliniambia nikohoe. Nikasema, na ni sauti yako ilitoka, naapa, "Ĩĩ, kairitu gakwa. Cucu ako hapa. Sema yote."

Ndirangu alinitazama kama mtu anayeona nyoka akizungumza. Akakaa sakafuni na bisibisi yake.

Na Wangui akasema. Mengine siwezi kuyaandika, hata kwako. Pasipoti imefungiwa, simu ilichukuliwa siku aliyohamishiwa nyumba ya pili, analala jikoni, na chakula ni kile kinachobaki. Yule aliyemwazima simu ni mama mmoja wa Embu anayefanya kazi nyumba jirani, walikutana wakitupa takataka. Nikamuuliza mtaa, jina la mwenye nyumba, rangi ya geti, nikiandika yote kwa gazeti. Akaniambia pia kwamba anaogopa uso wangu kuliko uso wa yule bibi mwenye nyumba. Uso wangu mimi, Mama! Nami nikiwa nimeshika simu, nikimjibu kwa sauti yako, "Mamako hatakugombeza. Niachie huyo." Simu ikakatika.

Ndirangu akauliza nimefanya nini. Nilimfokea hadi majirani wakaja: ashushe godoro, arudishe viti, akigusa huo waya tena sisi si ndugu. Maskini akashusha akilia. Asubuhi tukashuka Nairobi na lile gazeti, kutoka ofisi moja hadi nyingine, na safari hii namshukuru, kwa kuwa huyo mtoto wako akianza kelele watu hutafuta faili haraka.

Tangu siku hiyo nalala kwa kiti chako kando ya simu. Duka nimelifunga. Huko Majengo wananisema, ati muuza simu amehamia mlimani kulinda simu ya babu zetu. Waseme. Mimi sina nguvu ya kujibu, bado nashangaa. Nashangaa naoga, nashangaa napika. Mtu mzima nimezungukwa na simu mia za kila rangi, na mtoto wangu hakuwa na hata moja ya kunifikia nayo.

Leo imelia tena. Mama, ametoka! Anapiga kutoka ubalozi wetu wa huko, walimfikia, na yule mama wa Embu wametoka naye. Wanangoja karatasi za kusafiria. Nilitamani kupiga nduru, lakini nikajikaza, nikakohoa, nikaanza tena, "Kairitu gakwa, umekula?"

Akaniacha niongee. Nikauliza kama kuna blanketi, kama miguu aliyosema imevimba imepona, yote kwa sauti yako. Akajibu yote kwa heshima.

"Mami," akasema. "Wacha. Cucu mlimzika lini?"

Nililia yangu na yako. Aliniambia alijua ni mimi tangu ile Alhamisi, kabla hata sijamaliza sentensi ya kwanza. "Lakini nilikuwa nataka Cucu," akasema, "na wewe ukanipea."

Nikamweleza: mvua ya siku ile, nyimbo, mahali ulipolala, na kwamba ulikataa kuja Nyeri kwa sababu yake. Alitaka kujua hilo na sikumficha. Kisha nikamtajia namba yangu ya mkononi, nikairudia polepole. Akaniambia niitaje tu nikipenda, ila haitakaa kwa kichwa. Atapiga hii.

Kwa hivyo haikatwi, Mama. Ndirangu amesema atalipia, mimi nimesema nitalipia, tumegombana kidogo, unatujua. Wangui akifika nitamleta hapo ulipo kabla hajanywa hata maji, na nitaondoka niwaache wawili, kwa kuwa kuna mambo aliyoniambia akijua ni mimi, na kuna mengine najua bado amekuwekea wewe.

Pumzika sasa, uliangalia vya kutosha. Ukiisikia ikilia, usiinuke. Nitaishika mimi.

Nyambura wako