Tambara Juu ya Injini

Ingunn, Sverre,

Supu ya samaki iko kwenye friji, ipasheni moto. Sverre, ondoa theluji kwenye ngazi.

Asubuhi niliwaomba mje mnuse ile harufu ya kuungua iliyoanza gari lilipotoka kwa fundi. Sverre ukasema, "Baba, umeanza tena." Ingunn hukuinua hata uso. Mama yenu, angekuwa hai, angetoka kuinusa, hata akiwa na ndala tu miguuni kwenye theluji.

Chanzo nimekipata peke yangu: fundi alisahau tambara la kufutia oili juu ya injini, limeungua nusu. Nilipompigia aliomba radhi, kisha akaniuliza naendeleaje. Tukaongea nusu saa.

Nampelekea tambara lake. ~~Narudi saa kumi.~~ Nitachelewa. Amenikaribisha kahawa.

Baba