Wageni Wasimame

Mau Narok,
Jumatatu

Mwanangu Kipkemoi,

Simu zangu hushiki, kwa hivyo nimeiweka barua hii ndani ya gunia la viazi. Barafu imechoma shamba la chini, lakini hivi vimetoka lile la juu, ni vitamu. Ng'ombe yule mwekundu amezaa ndama jike.

Jana kanisani pasta aliposema wageni wasimame, nikakuona ukisimama. Wewe! Katika kanisa ulilobatiziwa! Akina mama wakakuimbia wimbo wa kukaribisha wageni, nami nikapiga makofi pamoja nao. Ukasema, "Naitwa Kipkemoi, natoka Nakuru," ukaketi. Chai ya wageni hukuingojea. Nilipotoka nje nilikuta vumbi la gari lako tu.

Niliudhika, sikufichi. Kisha jioni mke wako Zeddy akanipigia. Anasema siku hizi ukirudi kutoka kazini Olkaria unaingiza gari ndani ya geti, halafu unakaa humo humo, nyumba mpya huingii. Alipokuuliza, ulimjibu, "Nilidhani nikimaliza kujenga nitatosheka."

Baba, nimelia. Mimi sina nyumba nyingine ya kukupa. Babako alipofariki nilikuwa na shamba na ng'ombe, na havikunifariji hata kidogo. Yesu ndiye aliyenishika, na mpaka leo hajaniachilia.

Jumapili njoo. Pasta akisema wageni wasimame, wewe keti. Nitakuwekea nafasi kando yangu.

Ni mimi mamako,
Jepleting