Swali la Isaka

Mombasa, 9 Machi 1941

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Kazija, Vitongoji, Pemba.

Nakushika miguu, mama. Mimi mzima, sina ila kukukumbuka. Nataraji nawe hujambo, kifua kimepoa, na ndugu yangu Moza yu salama.

Nimepata meli. Kazi yangu kutia makaa kwenye tanuri, huko chini ambako joto lake huwezi kulisimulia. Tunakwenda Uingereza. Watu wananitisha na vita, lakini vita hivi ni vya Wazungu wenyewe kwa wenyewe, nami sina ugomvi na mtu. Anayemtegemea Mungu hatupwi. Mwambie Mwalimu Himid kuwa mwanafunzi wake hajaacha hata sala moja. Wenzangu wananicheka ninavyotawadha kwa kikombe cha chai.

Niombee.

Mwanao,
Mabruki


Vitongoji, 20 Agosti 1943

Kwa mwanangu Mabruki, huko uliko.

Salamu nyingi, baba. Hali zetu si mbaya. Kifua hunishika wakati wa baridi, kisha huniacha. Mimi nasema na Mwalimu Himid anaandika, kama kawaida yetu.

Kadi imefika, baada ya miaka miwili na zaidi. Imesema meli yenu ilizamishwa, na wewe Wajarumani wamekutia kizuizini pamoja na mabaharia wengine. Mwalimu amenisomea mara nne. Watu walikwisha kuniambia nikusomee hitima. Nikawaambia mimi simsomei hitima mtu ambaye sijamuona amekufa.

Moza ameolewa Jadida, kule Wete. Mume wake ni Hamad, seremala, mtu mpole. Wanakupa salamu.

Je, unakula? Unavaa nini kwenye baridi hiyo? Sala zako zisikupite, ndizo zitakazokutoa.

Mama yako,
Kazija


Uingereza, hospitali, 27 Agosti 1945

Mama yangu.

Nakushika miguu. Mimi hai. Niko hospitali kwa ajili ya mapafu, na daktari anasema nitapona. Barua yako moja tu ilinifikia kizuizini, nayo niliisoma mpaka karatasi ikakatika.

Barua hii asikusomee Mwalimu Himid. Mngoje Moza akija, akusomee yeye.

Sisi mabaharia tulikaa miaka minne nyuma ya waya. Njaa tuliiona, lakini hatukuuawa. Nilisali kila siku, na wenzangu wakazoea. Mwaka huu mwezi wa Aprili, Wajarumani wakaleta wafungwa wengine katika kambi iliyo karibu na yetu. Waingereza walipofika na kutufungulia, waliomba watu wa kusaidia huko. Nikaenda.

Mama, sitakuandikia yote niliyoyaona. Walikuwa maelfu. Wazima walilala pamoja na maiti, na mtu hukujua yupi ni yupi mpaka umguse. Nilibeba maji na uji. Wengi tuliowapa walikufa vilevile.

Mmoja aliitwa Isaka. Alikuwa mwalimu kwao, akifundisha watoto wa Kiyahudi kitabu chao, kama Mwalimu Himid anavyofundisha Kurani chuoni. Kiingereza chake kibovu na changu kibovu, tukaelewana. Alikuwa na mke na mabinti watatu. Siku waliyoshushwa kwenye treni walitengwa naye, wakauawa siku ileile kwa hewa ya sumu, na miili yao ikachomwa. Wanafunzi wake pia, chuo kizima. Kosa lao ni kuzaliwa Mayahudi. Hakuna jingine, nilimuuliza.

Siku moja aliniona nasali pembeni ya kitanda chake. Akangoja nimalize. Akaniambia, "Ulikuwa unamwambia nini?"

Nikasema, "Nilikuwa namshukuru."

"Kwa lipi?"

Hakuniuliza kwa dhihaka, mama. Alitaka kujua. Alinitazama kama mtu anayengoja kusomewa barua ya nyumbani.

Akasema yeye alisali mpaka siku ya treni, na baada ya hapo ikawa kama kuita katika nyumba iliyohamwa.

Alikufa siku ya tisa tangu nilipofika huko. Nilimwosha mimi, maana wenzake hawakuwa na nguvu ya kuinua ndoo. Wawili walikuja kaburini. Mmoja alianza dua yao, akaacha katikati, akaondoka. Nikataka kumwombea mimi. Nikainua mikono. Hapakuwa na neno, wala hapakuwa na wa kumwambia.

Tangu siku hiyo sijasali. Ramadhani imenikuta hapa, na nakula mchana. Si kwa sababu ya ugonjwa. Ninakula kwa kuwa sioni nafunga kwa ajili ya nani.

Basi siwezi kurudi Vitongoji. Siwezi kusimama safuni kama mwongo, wala kukutia aibu kwa kutosimama. Nikipona nitatafuta meli nyingine. Nisamehe. Uliyemzaa alikuwa mtu mmoja, na aliyebaki ni mwingine.

Mabruki


Vitongoji, 30 Desemba 1945

Kwa mwanangu Mabruki.

Salamu, baba, na pole ya kifua. Mimi ni mzima. Moza amejifungua mtoto wa kike, nao hawajambo.

Kwa sababu ya uzazi huo Moza hakuweza kuja. Miezi miwili nilikuwa na barua yako nimeifunga kwenye pindo la kanga, nikilala nayo. Mwisho nikashindwa, nikampa Mwalimu Himid. Alisoma mpaka pale uliposema asisome yeye. Akanitazama. Nikamwambia, "Soma." Akasoma hadi mwisho. Anayoandika sasa ni maneno yangu, na mengine yeye mwenyewe hajapata kuyasikia.

Nilikwambia nilizaliwa Mgogoni. Si kweli. Nilizaliwa bara, mbali, karibu na ziwa ambalo ng'ambo yake huioni. Nilikuwa sijang'oka meno yote ya utoto. Watu walikuja kijijini na bunduki, baba yangu akafa mlangoni. Sisi wengine tukafungwa kamba, tukaanza kutembea kuja pwani. Nilikuwa nimemshika mkono mdogo wangu wa kiume. Siku zilipozidi, miguu yake ikavimba, akawa hawezi. Mtu mmoja akautoa mkono wake katika mkono wangu, akamwacha pale chini. Aliniita. Aliendelea kuniita mpaka tukawa hatumsikii. Nami nilikwenda, baba, kwa kuwa kamba ilikwenda.

Huku Pemba nilinunuliwa na mwenye shamba la karafuu. Mke wake akaniita Kazija, akanifundisha sala. Nikajifunza upesi, kwa kuwa anayesali alipewa chakula kwanza. Niliinama na kuinuka miaka na miaka, na moyoni hamna mtu. Watu walinisifu kwa ibada. Hata ulipozaliwa wewe, na utumwa ulikwisha zamani, nilikuwa hivyo hivyo.

Sasa nasali kweli. Usiniulize ilianza lini, kwa sababu sijui. Na sikuambii kuwa sala yako itarudi. Huenda isirudi. Ninalokwambia ni kwamba nimekaa na jambo hili zaidi ya miaka hamsini bila kumwambia mtu, hata marehemu baba yako, na limenichosha kuliko jembe. Wewe umeweza kulisema katika barua moja. Usiende kukaa nalo peke yako kwenye meli za watu.

Wasema utanitia aibu. Mimi niliulizwa sala ndipo nipewe chakula. Sitamuuliza mwanangu.

Njoo nyumbani.

Mama yako,
Kazija

Mimi Himid, mwandishi, naongeza kwa idhini ya mama yako. Nimekaa na swali la Isaka siku tatu kabla ya kuandika barua hii. Nimefungua vitabu vyangu vyote. Yapo majibu ya kumpa mwanafunzi, lakini sikuona hata moja ambalo ningethubutu kumpa yeye. Ukija, hutaulizwa na mimi, wala sitaruhusu uulizwe.


Unguja, 12 Novemba 1946

Mama yangu.

Nakushika miguu. Mimi mzima, kifua kimepona ila hunibana nikipanda ngazi. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na Mwalimu wangu.

Nimeshuka jana. Barua yako ilikaa bandarini miezi mingi ikinitafuta, maana nilikwisha panda meli nyingine. Nilipoipata niliomba kazi katika meli yoyote inayokuja huku.

Leo adhuhuri nilisikia adhana, nikaingia msikitini. Nilivua viatu, nikakaa nyuma. Watu wakajipanga. Mzee mmoja akageuka akasema, "Mwanangu, safu hii hapa."

Nikamwambia, "Mimi siwezi leo."

Hakuniuliza kwa nini. Alinivutia mkeka nisikae kwenye sakafu tupu, kisha akasali. Mimi sikusujudu, mama, na sitaki nikudanganye. Lakini nilikaa mpaka walipotoa salamu, na sikuona vibaya kuwa pamoja nao.

Nitafika Chake Chake Alhamisi, kisha nitakuja kwa miguu. Usiwaite watu kunipokea. Nataka kukukuta peke yako, na Mwalimu Himid kama atapenda.

Kuna jambo moja. Katika barua yako hukumtaja kwa jina mjomba wangu, yule aliyeachwa njiani. Usimtafute mtu wa kuliandika. Nitakaa karibu nawe, unitajie mwenyewe.

Mwanao,
Mabruki