Mashine Iliyo Ndani ya Saa Yako

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, wifi na watoto. Natumai hamjambo. Huku mgongo wa Mama umetulia, nami niko mzima isipokuwa hasira, na hizo utazikuta hapa chini.

Saa yako imefika salama pamoja na agizo lako. Uliniomba niifungue nikuambie mashine yake imetoka kiwanda gani, ili umfunge mdomo yule mwenzako wa ofisini anayesema umevaa saa bandia. Tena ukaniomba nisimwonyeshe Mama. Nilishangaa, lakini wewe ni mkubwa wangu, nikakubali.

Nianze na huyo muuzaji wako, maana hana haya hata chembe. Jina lililo kwenye uso wa saa ni la kubandika. Nililigusa kwa ncha ya koleo, herufi ya kwanza ikabanduka. Nikafungua mfuniko wa nyuma. Kwa juu mashine inameremeta, ina mistari mizuri na jina la kiwanda kikubwa, asiyejua angeapa. Kumbe ni bamba jembamba lililogandishwa kwa gundi. Gundi ndani ya saa ni kama mchanga ndani ya unga. Aliyefanya vile amewatukana mafundi wote, na mimi nimo.

Chini ya bamba kulikuwa na mashine nzuri ya zamani, ya kutia ufunguo kwa mkono. Watu hawa hununua saa kuukuu, wakachomoa mashine na kuivika kasha jipya. Nilipokuwa natafuta alama ya kiwanda chini ya gurudumu linaloyumba, jicho likaangukia skrubu moja isiyofanana na nyingine. Imechongwa kwa mkono kutoka kwenye spoki ya baiskeli, na mfuo wake wa kuingizia bisibisi umekwenda upande.

Unaijua skrubu hiyo. Baba aliichonga kwenye meza hii hii ninayofanyia kazi, wewe ukimshikia taa, na akakukaripia kwa kuitingisha. Ndiyo maana mfuo ukaenda upande.

Basi jibu lako ni hilo: mashine imetoka mkononi mwa Baba. Mimi aliniachia meza, wewe akakuachia saa. Uliandika kwamba ulisubiri wiki nzima saa mpya itoke ng'ambo. Haikutoka ng'ambo. Ulimwachia muuzaji saa ya Baba mbadilishane kwa hiyo mpya, naye akaivua kasha lake na kukurudishia ikiwa na koti la uongo. Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na mbuzi mwenyewe katoka zizini kwako.

Aibu ya saa ya Baba ilikuwa nini, mikwaruzo? Mama akikupigia simu, swali lake la kwanza ni kama saa ya Baba inatembea, nawe unamjibu kwamba inatembea vizuri. Sijawahi kukukasirikia hivi tangu tuzaliwe.

Kuna jambo lililobaki. Nilipoisafisha na kuitia ufunguo, Mama alikuwa chumba cha pili akikunja nguo. Mlio wa saa ile huchechemea, na yeye alilala kando yake maisha yote ya ndoa yake. Akaja akasimama mlangoni, akalitazama lile kasha geni, akauliza ni ya nani. Nikasema ya mteja. Akasema nimwambie mteja huyo aitie ufunguo asubuhi, siyo usiku, ndivyo alivyofanya baba yenu. Kisha akanikataza kukuandikia. Alisema hatamvua nguo mwanawe.

Mimi nimeshindwa kutii. Saa nimeifunga pamoja na barua hii, bila lile bamba. Skrubu sikuigusa.

Nisalimie wifi na watoto. Mama naye anakusalimu sana, na atakupigia Jumapili kama kawaida yake. Atakuuliza kama saa inatembea.

Akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Mdogo wako, fundi