Mukwa Wako Uko Darasani

Mama,

Ufunguo wa chumba cha kanisa bado uko nami. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeniuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama ng'ombe amezaa. Amezaa pia. Ndama jike, ana baka jeupe kipajini, na ni mkaidi kama mama yake.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea kuongea mimi na wewe. Kimeru chako nilikipata nusu, na Kikuyu cha hapa Endarasha ulisema kilikutoa jasho ulipoolewa. Ulikuwa ukisimulia jinsi wanawake walivyokucheka mtoni kwa matamshi yako, hadi ukaanza kwenda kuteka maji saa ambazo hakuna mtu. Ulisimulia ukicheka, lakini nafikiri ndiyo sababu ulifungua lile darasa la Kiingereza la akina mama. Ulijua mtu mzima anavyojisikia akichekwa kwa neno dogo.

Baada ya mazishi yako, Mzee Kariuki, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, alikuja nyumbani. Alikunywa chai yote kabla ya kusema lililomleta. "Nyawira, pole tena. Lakini hicho chumba, kama wamama hawarudi, ikifika Pasaka nitaweka viazi vya mbegu." Hakusema kwa ubaya. Mvua ya Elnino ilibomoa ghala lake kama ilivyobomoa barabara ya Kiganjo. Lakini Mama, niliwaza chumba chako kikinuka viazi, nikasikia mdomo wangu ukisema nitafundisha mimi. Mimi, na Form Four yangu, na hii sauti ambayo ulisema haiwezi kufukuza kuku.

Ubao ulikuwa kama ulivyouacha wiki ile tuliyokupeleka hospitali. Juu umeandika taken, broken, gone, born. Chini yake hakuna kitu. Sikuweza kuufuta.

Jumanne ya kwanza walikuja wachache. Cucu Wairimu, bibi yetu sote, alikaa mbele, mahali pake palepale, na donge lake la sufu na sindano za kufumia. Unajua kilichomleta: mwanawe yuko Amerika, ameoa huko, na mke wake hajui neno la Kikuyu wala la Kiswahili. Walikuwa wamepata mtoto, na Cucu alitaka kuongea na huyo mke kwa simu, yeye mwenyewe, bila mtu wa kumtafsiria.

Nilifungua kitabu nikawasomea sheria. Maneno kama haya ya ubaoni huenda na have, au na be, au na get. Cucu alishusha pumzi. "Nyawira, hiyo ni kama kusomewa bei ya mbolea."

Nikamwomba ajaribu. "I have born in Endarasha," akasema. Nikamwambia hapana, ni I was born. Alikasirika kidogo. "Kwani alizaliwa nani? Si ni mimi?" Sisi tunasema nimezaliwa, neno moja, na kila kitu kiko ndani yake: mtu, wakati, na kwamba alitendewa. Waingereza wamegawanya kazi hiyo kwa watu tofauti. Lakini nitamwelezaje? Jumanne iliyofuata walikuja wachache zaidi.

Jumamosi nilienda kutafuta kuni na mukwa wako, ule ukanda wa ngozi ulioacha alama utosini mwako. Nilifunga mzigo, nikakaa chini nikiuegemea, nikapitisha mukwa kichwani, nikajaribu kuinuka. Nilishindwa. Nikakaa pale kwenye nyasi zenye umande, nikilia kidogo, si kwa sababu ya kuni. Halafu mwanamke nisiyemjua, aliyekuwa akipita na jembe, aliweka jembe chini, akanishika mkono, akanisukuma kwa nyuma, nikasimama. Akaenda zake. Hakuuliza hata jina.

Ndipo nikakukumbuka. Ulikuwa ukitua mzigo wako ili uinue wa mwingine, hata wa wale waliokucheka mtoni. "Ngoja nikuinue," ulisema, na hapo Kikuyu chako hakikuwa na kasoro.

Jumanne nilibeba mukwa na tita la kuni hadi darasani. Nikaweka tita katikati. Nikawaambia, huyu ni broken. Amekaa chini. Hawezi kuinuka peke yake, na maana inategemea atakayemwinua. Mama mmoja akawa have: I have broken the cup, nimekivunja kwa mikono yangu, nakubali. Mwingine akawa was: the cup was broken, na hakuna anayesema ni nani. "Hiyo ndiyo ya watoto wangu," mmoja akasema nyuma. Wa tatu akawa get, yule wa mambo yanayokupata njiani: get lost, get married. Cucu akaacha kufuma. "Ati kupotea na kuolewa vinabebwa na mama mmoja?" Walicheka, Mama, hadi vumbi likaanguka kutoka darini.

Kisha nikataka has been broken. Hapo Have anageuka kuwa Has, anamshika Been, na Been ndiye anayeinua mzigo, na wa kuwa Been tulikuwa hatuna. Mlangoni alikuwa amesimama Mzee Kariuki na kamba ya kupimia chumba, maana Pasaka ilikuwa inakaribia. Cucu hakumwonea haya. "Mwenyekiti, ingia. Tunakosa Been." Akavua kofia, akaingia, akashikwa mkono wa kushoto na Has, na kwa wa kulia akashika kuni. Sokoni sasa wanamwita Been. Anaitika.

Hakupima chumba siku hiyo. Kabla ya kuondoka alisema viazi vinaweza kukaa sebuleni kwake. Mke wake bado hajanisalimia vizuri.

Siku ya simu nilimsindikiza Cucu posta ya Nyeri. Alivaa lile koti lake la kanisani. Ndani ya kibanda alishika bega langu kwa nguvu, kama mtu anayeinuka na kuni. "I was born in Endarasha," akaanza. Kisha akasema, polepole, kila neno likimshika mwenzake: "The hat of the baby has been knitted." Akasikiliza. Uso wake ukabadilika. Akafunika simu kwa kiganja, akaninong'oneza, "Ameelewa. Anauliza ni ya rangi gani."

Ni ya kijani, Mama. Sufu ile uliyomwachia.

Chini ya maneno yako ubaoni nimeandika sentensi ya Cucu kuhusu kofia. Yako sijafuta. Mukwa umening'inia kwenye msumari kando ya ubao, na kila anayeingia huugusa.

Basi nakuacha upumzike. Nakuahidi kwamba nitakuwa nikifungua ule mlango mapema, na yeyote atakayekuja akakaa chini na neno lililomlemea, nitamshika mkono kwanza. Kumsahihisha kutangoja.

Binti yako,
Nyawira