Gugu la Maua ya Zambarau

Mdogo wangu mpendwa,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, sikumtuma mtu, maana macho yangu bado ni makali kuliko ya vijana wa hapa. Shemeji yako anakohoa kidogo lakini anakula vizuri. Paa nimeliezeka peke yangu, na uzee huu.

Bwawa lote sasa limefunikwa na lile gugu la maua ya zambarau. Samaki wanakufa kwa kukosa hewa na mitumbwi haipiti. Watu bado wanasema ulilileta wewe, eti lilikuja limenasa kwenye mtumbwi ulioununua mbali. Siku walipokufukuza kijijini kwa ajili hiyo, mimi nilikaa mbele kabisa na sikusema neno.

Gugu nililileta mimi. Nililichukua kwa ndoo kwenye bustani ya tajiri wangu, nikalitia bwawani nipate kujisifu kwa maua. Wewe uliniona, ukanyamaza kwa kuniheshimu.

Juzi nilisimama mkutanoni nikasema yote. Wakacheka. Mwenyekiti akaniambia, "Mzee wetu, kaa chini. Kila kitu hapa umeanzisha wewe, sasa hata gugu unataka liwe lako?" Nikakaa. Nimejisifu mno, siku ya kusema kweli sina wa kuniamini.

Basi njoo uwaambie ulichokiona. Heshima yangu usiilinde tena. Nitasimama karibu yako, na mdomo wangu sitaufungua.

Ni mimi kaka yako.